Kapteni Aliyegoma Kuzeeka: Uchambuzi wa Kitabu cha Mwisho cha Mfululizo wa Kijeshi

Kisa hiki kinahusu mswada mmoja, mwandishi mmoja wa Arusha, na shujaa ambaye wasomaji wake hawakuwahi kumwita kwa jina. Walimwita Kapteni. Kwenye makundi ya WhatsApp ambako hadithi iliuzwa sehemu kwa sehemu kabla ya kuchapwa, mtu aliandika tu "Kapteni kafanya nini leo?" na kila mmoja alijua anayezungumziwa. Majina ya watu nimeyaacha kwa makubaliano na mwandishi mwenyewe. Mimi niliuona mswada kama mhariri, nikiwa Moshi naye akiwa Sakina, Arusha, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mtu aliyekuwa jikoni, hakusubiri sahani mezani. Wasiopenda kuambiwa mwisho wa kitabu waishie hapa.

Mfululizo una vitabu vinane. Cha kwanza kinaanza Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yanapovamia Kagera, na shujaa wetu ni Luteni Usu aliyetoka Monduli na kamisheni yake bado mbichi. Kitabu kinakwenda naye hadi Kampala inapoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, na katika kurasa za mwisho anakuwa Kapteni. Upandaji huo ni wa haraka mno hata kwa vita, lakini kitabu cha kwanza husamehewa mengi. Cha tatu kinampeleka Msumbiji miaka ya 1980, wakati Tanzania ilipokuwa na askari wake huko dhidi ya waasi wa Renamo. Cha nne mpaka cha sita ni magendo ya silaha, mipaka na majangili, na hapo ndipo mauzo yaliposhika kasi. Cha saba kinashuka naye ufukweni Anjouan, kisiwa cha Komoro, Machi 2008, katika operesheni ya Umoja wa Afrika iliyomng'oa Kanali Mohamed Bacar. Cha nane, cha mwisho, kilipangwa kuwa Kivu, mashariki mwa Kongo, mwaka 2013.

Mswada wa kwanza wa kitabu hicho cha nane ulikuwa na kila kitu ambacho msomaji wa aina hii ya riwaya hulipia. Kapteni anapanda kilima cha Kibati usiku akiwa mbele ya watu wake, anatoa pini ya bomu la mkono kwa meno, anamimina risasi dakika nzima bila kubadili magazini, kisha anakufa alfajiri akiwa ameishika bendera. Mwandishi alikuwa ameshawatangazia wasomaji kwamba kitabu cha mwisho "kitawatoa machozi".

Kabla ya kuniletea mimi, alimpa mzee mmoja wa Monduli ausome. Ni ofisa mstaafu, msomaji wake tangu kitabu cha pili. Ninavyoelezwa, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo afande. Umekionaje?"

"Marahaba mwanangu. Nina swali moja tu. Huyu Kapteni wako ana umri gani?"

Mwandishi hakuwa na jibu, basi mzee akamhesabia. Kijana aliyetunukiwa kamisheni na kwenda Kagera mwaka 1978, tuseme alikuwa na miaka 22. Anjouan mwaka 2008 alikuwa na 52. Kivu mwaka 2013 ana 57. "Kapteni wa miaka 57 anapanda kilima anakimbia? Mwanangu, huyo jeshi lilishampa mkono wa kwaheri zamani. Na kama halikumpa, basi kuna kosa kubwa alilifanya hata hakupandishwa cheo miaka 34, na hilo kosa hujatuandikia."

Swali la mzee ndilo kisa chenyewe. Mengine yote niliyoyaona kwenye mswada, yakiwemo yale ya meno na magazini, yalikuwa ya kurekebishwa mchana mmoja. SMG, kama tunavyoiita bunduki ya AK hapa kwetu, ina magazini ya risasi 30 na hutema kiasi cha risasi 600 kwa dakika ikiachiwa mfululizo. Hesabu yake ni sekunde 3 tu, kisha kimya. Pini ya bomu imebanwa. Anayejaribu kuing'oa kwa meno atabaki na pengo mdomoni. Kulikuwa pia na RPG, kirusha roketi cha begani, iliyofyatuliwa ndani ya chumba, na moto unaotoka nyuma ya kile chombo ungewachoma waliosimama na shujaa kabla adui hajaguswa. Mambo haya hufutwa, hadithi ikabaki ileile. Umri na cheo huwezi kuvifuta namna hiyo.

Tuangalie kwa nini. Mpelelezi wa riwaya pendwa anaweza kukaa kijana milele. Willy Gamba wa Elvis Musiba alianza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974, na hakuna msomaji aliyemdai cheti cha kuzaliwa katika vitabu vilivyofuata. Mpelelezi yuko peke yake, bosi wake ni sauti kwenye simu, na cheo chake hakionekani begani. Mwanajeshi ana saa ya ukutani aliyoivaa mabegani. Luteni ana platuni, watu kama 30, anawajua majina na nani anakoroma. Kombania ina watu mia na zaidi, iko chini ya kapteni au meja. Batalioni ni ya luteni kanali. Kila nyota inayoongezeka inamsogeza mtu nyuma, mbali na mstari wa mbele, karibu na ramani, chai na makaratasi. Kwa hiyo mwandishi wa mfululizo wa kijeshi ana adui ambaye mwandishi wa kijasusi hanaye: ushindi wa shujaa wake mwenyewe. Akishinda anapandishwa, akipandishwa anaondolewa kwenye hadithi.

Mwandishi wetu alilikwepa hilo kwa miaka kwa njia rahisi kabisa, ya kutotaja umri wala kupandisha cheo. Na soko lilimsaidia, kwa sababu "Kapteni" lilikuwa limeshakuwa jina la biashara. Nani angenunua kitabu cha "Luteni Kanali"? Hata mimi nakiri neno lenyewe ni refu kwa jalada. Tarehe za kweli ndizo zilizomnasa. Laiti vita vyake vyote vingekuwa vya kubuni, nchi za kubuni, angeweza kwenda hata vitabu 20. Alichagua Kagera, Anjouan na Goma kwa sababu wasomaji wake wana baba na wajomba waliokuwepo, na hicho ndicho kilichompa heshima mitaani Ngarenaro na Unga Limited. Huwezi kuchukua heshima ya historia halafu ukaikataa kalenda yake.

Kulikuwa na njia nne mezani.

Ya kwanza ilikuwa kurudisha hadithi nyuma, kitabu cha mwisho kitokee mwaka 1990 hivi. Aliikataa upesi, na sawasawa. Kitabu cha saba kilishamwonyesha msomaji kwamba mtu huyu yu hai mwaka 2008, kwa hiyo hatari yote ingekuwa ya maigizo.

Ya pili ilikuwa kumwacha afe kama ilivyoandikwa, umri ufichwe tena. Hapa tulibishana sana, na sababu yangu kubwa haikuwa ya kiufundi. Mapigano ya vilima vya Kibati, kaskazini ya Goma, yalitokea kweli, wiki ya mwisho ya Agosti 2013, na katika wiki hiyohiyo Tanzania ilimpoteza ofisa wake pale. Miaka minne baadaye, Desemba 2017, shambulio la Semuliki, hukohuko Kongo, liliua zaidi ya wanajeshi wetu 10 kwa usiku mmoja. Familia za watu hawa zipo. Zinanunua unga soko la Kilombero kama sisi. Ukimweka steringi wako afe kilima kilekile, wiki ileile, akiwa ameshika bendera mbele ya jua linalochomoza, umechukua msiba wa mtu ukaupaka rangi. Mwandishi alijibu kwamba riwaya zote za vita hufanya hivyo. Ni kweli. Lakini nyingi huweka umbali wa kizazi kizima kati ya kaburi na kitabu.

Tena kifo cha shujaa mpendwa huwa hakidumu. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893 akidhani amemalizana naye, na mwaka 1903 akalazimika kumrudisha akiwa mzima. Hapa kwetu tuna msemo wa vibanda vya video kwamba steringi hauawi, na mwandishi anayeandika kwa malipo ya M-Pesa ya kila sehemu anajua nani atakayemlazimisha kufufua.

Njia ya tatu ilikuwa kumstaafisha, awe mzee anayelima nyanya Tengeru, halafu matatizo yamfuate nyumbani. Inapendeza, na filamu nyingi zimeipita. Mwandishi aliipenda kiasi cha kuandika sura mbili, na moja kati ya hizo imebaki kitabuni. Nitairudia, maana ndiyo iliyonikera.

Ya nne ndiyo iliyochukuliwa: kumpa cheo chake anachostahili, na kuifanya hiyo ndiyo hadithi. Kitabu cha nane kinafunguka na mtu mwenye miaka 57, Kanali, yuko kwenye utumishi wake wa mwisho kabla ya kustaafu, na yuko Goma kama ofisa mnadhimu katika chumba cha operesheni. Kati ya mwaka 2008 na 2013 kapandishwa haraka, baada ya miaka mingi ya kuachwa. Na kwa nini aliachwa? Mwandishi alichukua lile swali la mzee wa Monduli akalijibu. Msumbiji, katika kitabu cha tatu, Kapteni alivunja amri ya kurudi nyuma na sajenti wake akafa. Wasomaji walikishangilia kitendo kile kama ushujaa. Kitabu cha nane kinatuambia kwamba faili lilifunguliwa, na kwamba kwa miaka 20 kila jina lake lilipofika mezani kwa ajili ya kupandishwa, faili lilifika nalo. Hii ni kazi safi sana. Kosa la mwandishi, la kusahau kalenda, limegeuka adhabu ya mhusika, na vitabu vinne vya katikati vinasomeka upya bila kubadilishwa herufi.

Mwandishi akaongeza jambo jingine juu yake. Yule sajenti aliacha mke mjamzito. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1988 ana miaka 25 mwaka 2013, ni Luteni, na platuni yake iko chini ya vilima vya Kibati.

Mazingira ya kweli yalimsaidia mwandishi kuliko alivyotegemea. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la Machi 2013, liliunda brigedi ya kuingilia kati yenye idhini ya kuwashambulia waasi, jambo ambalo walinda amani wa Umoja wa Mataifa hawakuwa wamezoea kupewa kwa uwazi ule. Ilikuwa na askari kama 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, makao yake Goma, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Katika chumba cha operesheni cha aina hiyo, Kanali wa kubuni anakaa vizuri bila kumvua mtu halisi kiti chake. Sharti letu lilikuwa moja: kamanda halisi asiwekewe maneno mdomoni. Katika kitabu anatajwa kama "Jenerali", haongei.

Sasa sura ya 14. Kurasa zake zote ziko ndani ya chumba kimoja, na hakuna risasi hata moja tunayoiona. Kuna ramani, taa inayopepesa, na simu ya upepo. Platuni ya Luteni imekwama, inaomba mizinga, na inatoa namba za ramani. Tarakimu sita za ramani humpa mpigaji mraba wa mita 100 kwa 100, basi ukikosea tarakimu moja unaweza kuhamisha moto kutoka kwa adui hadi kwa wenzako. Kanali anaziandika, anaweka kidole kwenye ramani, na kidole kinatua pale walipo vijana wenyewe. Luteni kachoka, au kaisoma ramani kinyume, au mvua imeifuta. Anaomba auawe bila kujua. Kanali anakataa. Sauti ya pili, ya kijana, inamtukana. Kanali anamwagiza Luteni asome tena, taratibu, tarakimu moja moja, na wakati anasoma tunasikia mtu wa tatu nyuma yake akilia, kisha halii tena.

Kapteni wa kitabu cha tatu angevunja amri, akachukua gari, akaenda. Kanali anabaki kwenye kiti. Ukurasa baada ya ukurasa mkono wake unakwenda kwenye funguo za gari na kurudi. Nimehariri riwaya nyingi za mapigano na sikuwahi kuona mwandishi wetu akiandika hivi, kwa sababu hakuwahi kulazimika. Alikuwa na mtu anayeweza kukimbia.

Mzee wa Monduli alipopelekewa sura hiyo alirudisha karatasi ikiwa na masahihisho ya mawasiliano ya redio karibu kila mstari. Mwandishi alichukua nusu. Nusu nyingine ilikuwa sahihi kijeshi na haisomeki. Lugha halisi ya redio ni kavu mno, na msomaji angeruka kurasa. Hapo nilisimama upande wa mwandishi.

Kisha kitabu kinalegea. Lile faili, mtoto wa sajenti, na waasi wa M23 kutangaza mwisho wa uasi wao tarehe 5 Novemba 2013, vyote vinafungwa kwa sura tatu nzuri. Lakini kulikuwa bado na muuza silaha wa vitabu vya tano na sita, ambaye hakuwahi kukamatwa, na wasomaji walikuwa wamemdai kila wiki. Ndipo inapoingia ile sura ya Tengeru. Kanali amestaafu, yuko shambani, muuza silaha anapita barabara ya Moshi kwenda uwanja wa ndege wa KIA, na mzee wetu anadandia bodaboda pale Usa River na kumkimbiza hadi darajani. Anaruka. Mtu tuliyemwona kurasa 60 nyuma akishindwa kupanda ngazi bila kushika ukuta, anaruka kutoka pikipiki inayokwenda mbio.

Nilishauri ikatwe yote, muuza silaha akamatwe na wengine, kwa aya moja, na Kanali asome habari hiyo gazetini. Mwandishi alikataa. "Kaka, hawa watu wamenilipa tangu kitabu cha tano kumwona yule jamaa anaanguka. Siwezi kuwapa gazeti." Hoja yake ina uzito kuliko nilivyotaka kukubali siku ile, kwa maana mfululizo ni deni, na anayelipa kwa awamu anajua anachokidai. Pamoja na hayo naona ni sura mbovu. Inafuta kile ambacho sura ya 14 ilikijenga, kwamba mtu huyu amejifunza kubaki kitini. Ingewezekana kumpa Luteni kazi hiyo. Miguu anayo, na sababu anayo.

Kuhusu jalada, mwandishi alitaka picha ya kijana aliyevaa kombati. Tulimkatalia bila mjadala. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 Jeshi liliwapa wenye nazo siku 7 wazisalimishe. Jalada likachorwa: mkono wa mzee, mkonga wa simu ya upepo, ramani yenye alama ya duara. Wauzaji wa vitabu walilalamika kwamba halina bunduki.

Uamuzi mmoja zaidi ulikuwa wa biashara. Vitabu saba vilitoka kwanza kwa sehemu, kila moja ikiishia pabaya ili msomaji alipie inayofuata. Cha nane kilitoka kizima. Sura ya 14 haikatiki. Ukiikata katikati ya tarakimu, unaugeuza mtihani wa Kanali kuwa chambo cha sehemu ijayo. Vilevile mwisho uliouzwa vipande huvuja, mtu mmoja analipa na kundi zima linasoma. Mwandishi alipoteza mapato ya miezi kadhaa kwa uamuzi huo, na aliufanya bila mimi kumsukuma.

Mapokezi yaligawanyika kama ilivyotarajiwa. Malalamiko yaliyorudiwa sana yalikuwa kwamba "Kapteni kawa mzee wa simu". Vijana walisambaza kurasa za bodaboda. Barua ndefu zilikuja kutoka kwa watu wengine kabisa, waliokuwa jeshini au walioolewa na jeshi, na karibu zote zilihusu faili: kama mtu kweli anaweza kuachwa miaka 20 kwa jambo moja. Mama mmoja wa Moshi aliandika kwamba hakuwahi kuvisoma vitabu saba vya mwanzo, mwanawe ndiye aliyempa hiki, na akauliza kama ni lazima arudi nyuma. Nilimwambia mwandishi ajibu hapana. Alimjibu ndiyo, na akamtumia bei ya seti nzima.

Kilichobaki wazi ni kitabu cha kwanza, ambacho kinachapwa upya. Mzee wa Monduli anataka Luteni Usu abaki Luteni Usu hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu kuwa Kapteni kwa miezi sita ni uongo. Mwandishi anasema akiondoa neno hilo, wasomaji wapya hawatajua jina la Kapteni lilitoka wapi. Mapendekezo yangu ni kwamba apewe cheo hicho kwa kukaimu, baada ya mkuu wake kujeruhiwa njiani kwenda Kampala, na wenzake waendelee kumwita hivyo kwa utani hata baada ya vita. Hilo linahitaji kurasa nne mpya na kufuta mstari mmoja wa kutunukiwa. Hadi naandika, mzee amekubali na mwandishi bado anafikiria.